Breki za Maringo

Chake Chake, Pemba
18 Julai, 1959

Kwa Dada yangu mpenzi, Bi Mwanawema,

Assalamu alaykum. Naomba barua hii ikukute umekaa kitako, magoti yamepoa, na Shemeji Mmanga anayekusomea awe keshakunywa chai yake, maana leo nina maneno mengi. Shemeji, nakusihi usiruke mstari hata mmoja, hata pale utakapoona ninayeaibika ni mie mwenyewe.

Sisi huku sote wazima. Kipupwe cha mwaka huu kimetushika barabara. Asubuhi watu wanajifunika mpaka masikio, na mke wangu Mwanamize haogi mpaka maji yachemke. Mwanao Time mzima wa mwili. Kidonda cha kwenye paji kimekauka na alama haitabaki. Ila hacheki, na kwa Time unajua kutocheka ni ugonjwa.

Barua yako niliipata Jumatano nikaisoma mara tatu. Mie ni wa darasa la nne, lakini maneno yako hayakuhitaji darasa. Umeamua posa ya Hija irudishwe. Umesema fundi aliyetia mafuta ya nazi kwenye breki za gari hafai kukabidhiwa binti aliyekuwamo ndani ya gari hiyo. Na umenitaka mimi, mjomba mtu, niende mwenyewe kwa wazee wake Hija nikawaambie, na nisiende na mzaha wangu. Sijaenda, dada. Nisikilize kwanza.

Unanijua mie na gari. Miaka minne nimetia grisi kwenye meli, nimeona Mombasa, nimeona Bombei, na Adeni nimekula sahani moja na Mgiriki. Teksi yangu hii Maringo nikiipitisha sokoni, wauza samaki huacha kubishana bei wakaitazama. Kila miezi mitatu huipeleka gereji ya Mzee Thabit ikabadilishwe oili na kutiwa grisi. Alhamisi ya tarehe pili niliipeleka alasiri, na safari hii nikataka mafuta ya breki nayo yamwagwe yote, yatiwe mapya. Kazi akaishika Hija, kwanza kwa kuwa yeye ndiye bingwa wa breki pale, na pili, nisikufiche, tangu posa ipokelewe hataki mtu mwingine aiguse Maringo. Nikarudi nyumbani raha mustarehe. Jua lilikuwa kali na breki zilishika vizuri.

Kesho yake nilikuwa nimpeleke Time Ole, kwa Bi Zuweina, akasaidie kupika hitima. Kwa kawaida mie sitoi gari kabla ya saa mbili, lakini siku ile ilibidi tuwahi, tukatoka saa kumi na mbili. Manyunyu yalikuwa yanaanguka na baridi ya kutetemesha. Nilipokanyaga breki mara ya kwanza niliiona nzito, nikasema moyoni ni upya wa mafuta. Kwenye mteremko wa kuingilia Ole nikakanyaga tena, nikahisi nimekanyaga jiwe. Breki ya mkono ya Maringo nayo ni pambo tu tangu mwaka juzi. Nikamwambia Time ashike alipoweza, nikakata usukani, tukaingia kwenye shamba la mihogo la huyo huyo Bi Zuweina, tukaivunja safu kwa safu mpaka mihogo yenyewe ikatusimamisha. Time akagonga paji kwenye kioo. Mie sikupata hata mkwaruzo, ila nilipotewa na sauti kwa muda, na watu wa Ole wanasema hilo ndilo la ajabu kuliko gari.

Hatujashuka vizuri, akatokea Hija juu ya baiskeli, amelowa chapachapa, mguu mmoja hauna kiatu. Sikumuuliza alijuaje. Nilimtukana, dada, mbele ya watu waliokuja kutazama, nikamwambia kama amekuja kuiona kazi yake basi aitazame vizuri. Mzee Thabit alipoitwa akafungua kifuniko cha mafuta ya breki, akakuta yameganda meupe kama samli. Akanusa, akanipa na mie ninuse. Nazi. Akamuuliza Hija ametia nini. Hija akainamisha kichwa, akasema ni kosa lake, akaachishwa kazi pale pale katikati ya mihogo. Jioni nikaenda barazani kuieleza habari ile, na kila nilipoieleza mteremko uliongezeka urefu. Bi Thuraiya akaipata, akapanda nayo meli, akakuletea Unguja.

Mpaka hapa hujasikia jipya. Shemeji, piga funda la chai halafu uendelee.

Nilipoinusa ile nazi, moyo uliniruka. Nikautuliza. Siku ya tano, Mwanamize akafungua kopo lake la mafuta ya nazi, lile nililomletea kutoka Micheweni kwa shangazi, ajipake kichwani. Akaniita chumbani kwa sauti ile ambayo huniita kwa jina langu na la baba. Akanipa kopo ninuse. Yalikuwa mafuta ya breki. Akaniuliza kama ninataka nywele zake zisimame mteremkoni.

Shangazi hakuwa na chombo, ndipo nikampa kopo tupu la mafuta ya breki, nimeliosha kwa maji ya moto. Kopo jingine kama hilo, lenye mafuta ya breki hasa, lilikuwamo kwenye buti la gari. Rangi moja, maandishi mamoja. Mwanamize nilimchukulia moja nikampa, jingine likabaki. Alhamisi ile Hija alikwenda kuchukua mafuta ya gereji, mie nikamkataza. Nikamwambia ninayo yangu ya Mombasa. Nililitoa kopo kwenye buti kwa mikono yangu hii inayokuandikia, nikamkabidhi.

Alilifungua, akasogea karibu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba, Mjomba, mafuta haya mbona yananukia. Nikacheka kwa nguvu mafundi wote wasikie, nikamwambia yeye hajavuka hata Mkoani, asinifundishe mafuta, hii ni aina mpya na Waingereza siku hizi wanaitia manukato. Watu wakacheka. Hija akayatia.

Haya yote niliyajua tangu siku ile ya kopo la Mwanamize, dada, nikanyamaza wiki nzima na kijana wa watu amekaa kwao bila kazi. Barua yako ndiyo iliyoniinua. Juzi nilimfuata kwao, nikamuuliza kwa nini hakukataa. Akasema mie ni mkwewe, na mkwe haambiwi mbele ya watu kuwa hajui. Alitumaini nikiinuka tu atayamwaga, lakini nilikaa juu ya tairi nikisimulia habari za Adeni mpaka kazi ikaisha, nikaondoka na gari. Alfajiri akaja kwangu na kopo la mafuta ya gereji, ayabadilishe kabla ya saa mbili yangu ile. Akaambiwa tumeshatoka kwenda Ole. Basi baiskeli ile, na mguu ule usio na kiatu, ilikuwa ni kutukimbilia. Mie nikamtukana. Na aliposema mbele ya Mzee Thabit kuwa kosa ni lake, alikuwa bado ananisitiri.

Najua utasema mtu anayewaogopa wakwe kiasi hicho atamlindaje mwanao. Na mie nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema kwa mambo mengine yote atanyamaza mbele yangu, lakini Time akiwamo ndani ya gari atanipokonya ufunguo. Nikamwapisha, akaapa, na nilivyomtazama usoni naamini ataupokonya kweli.

Jana baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda gereji, mafundi wote wakiwapo, nikayasema haya yote, na jambo la manukato sikuliacha. Mzee Thabit amemrudisha kazini. Kisha nikaenda barazani nikasema tena, na safari hii mteremko niliupa urefu wake. Sasa kila nikikaa wenzangu wanakunja pua na kuulizana nani anapika wali wa nazi. Wacha wanicheke.

Basi dada, kosa lililomuumiza mwanao ni langu, na kama kuna wa kufukuzwa nyumbani kwako nifukuze mimi. Hija usimrudishie posa yake. Time hajui kuwa nakuandikia, lakini jana alipopata habari za gereji alitoka uani akaniletea kahawa, mara ya kwanza tangu Ole.

Nakungojea maneno yako kwa meli inayokuja. Wasalimu watoto, mwambie Shemeji ahsante kwa kusoma, na mumniombee dua. Mwanamize anakusalimu sana. Mabruki aliyechukua barua hii anakuletea na kopo la mafuta ya nazi ya Micheweni. Usiogope kujipaka. Nilimpa Hija alinuse kwanza, nikakaa kimya nikamngojea aseme.

Wako mdogo wako mwenye makosa,
Nyange bin Kificho