Nilimpasua Wifi kwa Ajili ya Zinia

Jumanne, Gungu. Jua kali, na upepo wa ziwani unarusha vumbi mpaka sebuleni. Mkono wangu wa kulia bado umevimba.

Juzi Jumapili nilimpasua wifi yangu kichwa kwa reki.

Naandika hivyo hivyo, bila kupamba. Rehema ni dada wa mume wangu, tulikuwa tunaishi naye tangu aachike. Zinia zangu nilizipanda mvua zilipoanza, mbele ya nyumba, kando ya mawaridi. Zilichanua mpaka wapita njia wakasimama. Kisha wiki hizi mbili zikakauka zote, zikabaki vijiti na vichwa vikavu. Nikakumbuka nilimwona Rehema akimwaga pale maji aliyooshea dagaa.

Nilimfuata uani. "Umeniulia maua yangu!"

"Maua gani tena, wifi? Maji tu yale."

Nikampiga kofi. Akanikamata nywele, akaning'ata mkono, tukaanguka kwenye majivu ya jiko. Nilipoinuka nilikuwa nimeshika reki. Nikaishusha kichwani kwake. Damu ikamfunika jicho. Nikaiinua tena, mume wangu akanidaka kwa nyuma.

Ameshonwa nyuzi saba.

Leo asubuhi amekuja jirani yetu Mama Espe, Mrundi anayeuza miche ya maua sokoni Mwanga. Nilipomweleza yaliyotokea, alichuma ua moja kavu, akalisugua viganjani, akanionyesha mbegu.

"Mwana wanje, mwanangu, haya ni ya msimu mmoja. Yanachanua, yanatoa mbegu, yanakufa. Hakuna aliyeyaua. Mawaridi ndiyo ya kudumu, hata ukiyakata yanachipua miaka yote. Nayo si yalimwagiwa maji yale yale?"

Nikayatazama mawaridi. Yamejaa machipukizi.

Nikakaa chini palepale.

Mchana nimekwenda Rusimbi, kwa shangazi yake Rehema, alikohamia baada ya kushonwa. Nimepiga magoti mlangoni, nimemweleza yote, habari ya mbegu na ya misimu. Rehema amenisikiliza mpaka mwisho, bandeji kichwani, jicho moja limefumba.

"Kwa hiyo kama ningekuwa nimeyaua kweli," akaniuliza, "ungekuwa na haki?"

Akafunga mlango.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nikiliogopa jambo moja ambalo sijamwambia hata mume wangu. Nilipoiinua reki mara ya pili, sikuwa nawaza maua hata kidogo; nilitaka tu kumuumiza.

Kesho nakwenda tena Rusimbi. Safari hii, habari za maua sitazitaja.