Togwa ya Neema

Jumanne, 14 Mei. Mwezi wa saba tangu nitoke Songea.

Bado sijui kama nilifanya vyema. Jana kwa simu nilimkataza mke wangu, aliyebaki kule, kumpa mtoto togwa, uji wetu wa kuchachusha, kwa sababu mbeba mizigo mwenzangu hapa Kariakoo aliniambia, "Kaka, kitu kimechachuka unampa mtoto? Utamuua!" Nikaogopa.

Leo mke wangu kapiga simu. Uji usiochachuka Neema anautema, tangu jana hajala cha maana. "Baba Neema, wewe mwenyewe umekulia togwa. Mbona hukufa?"

Jioni nikamuuliza nesi tunayepanga naye nyumba moja, Buguruni. Akasema uchachu ule hauna ubaya, hata tumbo unalisaidia, mradi maji yawe salama na chombo kiwe kisafi.

Nikapiga tena. Nikamwambia ampe, ila maji achemshe.

"Kwani uji wa togwa huwa naupika kwa maji baridi? Umesahau kwenu!" Akakata.

Sasa hapokei. Sijui kama mtoto amekula, na usingizi hauji. Asubuhi nikisikia bado anakataa chakula, mizigo wabebe wengine. Alhamisi jioni nitakuwa Songea.