Elektroni ya Kilo Arobaini

Bronagh, mwenzio nimelipiza!!

Si unamjua Crispin, ninayefundishwa naye wawili tu kwa Dakta Hathersage? Wiki iliyopita alinakili majibu yangu ya fizikia, akasifiwa, akaapa mbele yangu: "Nimefanya peke yangu." MBELE YANGU!

Basi juzi nikatia karatasi ya uongo kwenye kisanduku cha Dakta pale getini, Crispin anapozoea kuchomoa zangu. Alipokwisha kunakili, nikaitoa, nikaweka ya kweli.

Leo Dakta kamsimamisha ubaoni. "Elektroni yako ina kilo arobaini. Hebu tueleze."

Kilo arobaini, shosti! Kondoo mzima!

Jasho likamtoka, kanigeukia: "Tamsin, si tulifanya pamoja?"

Nikapiga funda la chai, taratibu. "Hapana, Dakta. Crispin hufanya peke yake."