Kamba ya Ng'ombe wa Oliver

Osiri, Migori
14 Aprili 1996

Dada yangu Dorine,

Pokea salamu nyingi kama vumbi la hapa Osiri, ambalo tangu nifike halijaisha hata siku moja. Habari za Rangwe? Mguu wa Shangazi Rael umepata nafuu? Nilimwota akigombana na kuku wake, kwa hiyo nafikiri ni mzima. Mimi nipo, ila kifua na mikono vinanisumbua. Nimebadilishiwa kazi, nitakueleza.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ile barua ya Kiingereza uliirudisha ikiwa imejaa wino mwekundu, na mimi niliacha shule darasa la saba. Kwa Kiswahili angalau utanicheka kidogo.

Dorine, matokeo yako yalinikuta ndani ya shimo. Waliniita juu nikafikiri kuna msiba. Niliposikia umefaulu, niliwatangazia wote waliokuwa pale juu. Ulisema mwalimu mkuu amewaita mbadilishe vyuo mnavyotaka kabla mwezi haujaisha, na kwamba moyo wako uko Nairobi, kwenye masomo ya biashara na fedha, ili siku moja ufanye kazi katika zile benki zinazotafutia makampuni mtaji na kuuza hisa zao. Sikuelewa. Nikaenda kuuliza.

Migori mjini kuna Mubarak, mwenye duka la vyuma tunakonunua tindo. Amenunua hisa za shirika la ndege, na watu wanamtania eti siku hizi hatembei, anapaa. Binamu yake anafanya kazi kwa madalali wa hisa Nairobi. Mubarak alisema kazi hiyo haipatikani kwa cheti peke yake. Hesabu lazima, mitihani ya uhasibu pembeni lazima, na zaidi ya yote uwe karibu na soko lenyewe, ili wakati wa likizo ukawabebee faili mpaka wakujue jina. Nikamwuliza nitajuaje chuo kizuri. Akacheka, akasema mchimba dhahabu anamwuliza yeye swali hilo?

Nikarudi nikifikiria. Hapa mtu akitaka kununua sehemu ya shimo hatazami mawe yaliyopangwa mdomoni mwa shimo, maana mwenye shimo ameyachagua. Anashuka mwenyewe, anabandua jiwe la ukutani, analisaga, analiosha kwenye karai, anaona kilichobaki chini. Na wewe usitazame picha za majengo. Tafuta waliosoma pale miaka ya nyuma, uulize leo wako wapi. Hao ndio jiwe la ukutani.

Sasa nikwambie ya nyumbani. Mwezi uliopita Baba aliniita bomani kwake Kisegi. Nilimkuta na mshenga wa Oliver, huyu Oliver mwenye mashimo, tajiri wangu. Anakutaka. Alikuona Krismasi ulipokuja kunitembelea. Mshenga alisema Oliver hakatai usome, mradi uchague ualimu Maseno, karibu, uwe unarudi. Mke mwalimu jioni yuko nyumbani, mke wa benki nani anajua yuko wapi. Nikasema Dorine anataka mambo ya hisa. Baba akauliza hiyo hisa inakamuliwa asubuhi au jioni. Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nisamehe kwa hilo.

Ng'ombe walikuwa tayari, wamefungwa nyuma ya nyumba ya mama. Na wewe unajua, nyamera, dada yangu, kwetu ng'ombe wa mahari ya dada ndio kaka wa tumbo moja anaowatumia kuoa. Wale walikuwa ng'ombe wangu. Sikuwahi kukuandikia habari za Mellen. Ni msichana wa hapa, anaosha mawe na mama yake. Ana mimba yangu. Baba yake amesema bila ng'ombe hakuna mkwe, atampeleka kwa mtu mwenye zizi. Baba alijua hayo yote. Ndiyo maana alinipa mimi kamba ya ng'ombe wa kwanza niishike, kama kaka, ili neno lifungwe.

Nilitazama ile kamba. Sitakudanganya, mkono ulikwenda. Kisha nikaurudisha nyuma. Nikamwambia mshenga awarudishe wanyama wao, dada yangu hajaulizwa. Baba alisimama, akaniambia nisikanyage boma lake tena mpaka atakapokufa, na hata siku hiyo nipite nje ya ua. Mama alilia tu.

Nilirudi Osiri. Oliver alimtuma mtu kuchukua nyundo yangu na tindo. Sasa natwanga mawe na akina mama, kwa ujira wa mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa. Ndiyo kazi mpya niliyokuambia.

Kwa hiyo usipite Kisegi. Kaa kwa Shangazi mpaka chuo kikuite. Na nakuomba sana, ukiandika jina la chuo usiandike Maseno kwa kunihurumia. Maseno ni kuzuri kwa anayetaka ualimu. Wewe hukutaka.

Mellen wamemchukua Alhamisi, kwa mtu wa upande wa Kuria. Kabla hajaondoka alikuja pale ninapotwanga, akaniuliza bila kelele, hicho anachokwenda kusoma dada yako ni kitu gani hata kikanunuliwa kwa nyumba ambayo ningeishi nawe. Nilijaribu kumweleza kama Mubarak alivyonieleza. Nilisema kampuni, nikasema mtaji, nikasema hisa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilishindwa, Dorine. Akachukua karai lake akaenda.

Ukifika huko soma vizuri, kiasi kwamba siku moja uje umweleze mwenyewe.

Msalimie Shangazi, na kuku wake pia. Mungu akulinde barabarani.

Ni mimi, kaka yako wa tumbo moja,
Walter