Siku Nilipomnyang'anya Bi Zuhura Upatu

Mpendwa Mama,

Nakusalimu kwa heshima kutoka huku Al Muraqqabat, Dubai. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko? Dada Nekesa alikuletea ile dawa ya kuchua? Mwili wangu ni mzima. Jumapili uliponiuliza kwenye simu mbona sauti yangu imezama, nilikwambia ni mafua. Hayakuwa mafua, Mama. Ilikuwa aibu, na chumbani tuko wengi, nisingeweza kusema wenzangu wakisikia.

Siku hizi nalinda uwanja wa barafu. Nje jua linachoma, ndani watu wamevaa makoti. Vijana wa vyuo hucheza hoki pale: wanateleza kwa viatu vyenye chuma chini, wakigombania kwa magongo kijisahani kigumu cheusi. Mimi mchezo siuoni. Kazi yangu ni kuipa barafu mgongo na kuwatazama mashabiki, kwa hiyo mechi naisoma kwenye nyuso zao. Wakishika vichwa, najua bao limekosekana. Wana ngoma, wanajipaka rangi mashavuni, wanagonga kile kioo cha ukingoni mpaka kifua changu kinatetemeka. Nilikuwa naipenda zamu hiyo kuliko zote.

Sasa, wiki iliyopita alikuja mama mmoja mtu mzima, amevaa baibui na sweta juu yake. Kijana wake ndiye kipa wa chuo kimoja. Ni watu wa Unguja, wamekaa Dubai miaka mingi. Alikuja na upatu, ile sahani ya shaba wanayopiga kwao harusini. Kila kijana wake alipozuia, aliugonga kwa kijiti na kupiga vigelegele vya kupasua paa. Mama, vilikuwa vigelegele vyako vya kanisani, vile vile.

Mashabiki wa upande wa pili wakaanza kumcheka. Wakamwiga, wakamrekodi kwa simu. Msimamizi wangu akanijia. "Yalla, kachukue ile sahani. Vyombo vya chuma marufuku." Lakini mechi iliyotangulia vijana waligonga vifuniko vya sufuria tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyewagusa.

Nilipanda ngazi. Yule mama akasoma jina langu kifuani, akatabasamu.

"Wekesa! Wewe wa kwetu weye. Hujambo, mwanangu?"

Wale waliomcheka walikuwa wanatutazama, simu juu. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba Kiswahili sikijui, kisha nikanyoosha mkono. Ningeweza kukwambia niliogopa kazi, na kweli niliogopa. Lakini zaidi sikutaka wanicheke pamoja naye. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Alinitazama kidogo, akanipa upatu. Mikono yake ilikuwa baridi.

Nikarudi mahali pangu, sahani kwapani, uso kwa watu. Upande wake wote ukanyamaza. Ngoma zilikoma. Mama, sijawahi kusimama mbele ya watu wengi hivyo wakinitazama mimi badala ya mchezo. Kisha msichana mmoja karibu naye, sijui wa nchi gani, akajaribu kupiga kigelegele. Kikatoka kama kikohozi. Mwingine akajaribu. Wavulana nao, wenye ndevu, wakitikisa ndimi hovyo, mpaka jukwaa zima likawa linapiga vigelegele vibovu kabisa, na yule mama katikati yao anawafundisha, machozi yanamtoka kwa kucheka. Nilitamani sakafu inimeze.

Chuo cha kijana wake kilishinda. Sikugeuka kutazama.

Watu walipotoka, nikamfuata mlangoni. "Shikamoo, mama. Upatu wako huu."

Akaupokea. "Marahaba. Kumbe Kiswahili unacho."

"Ninacho, mama. Nisamehe."

"Ungalinambia tu kwamba umetumwa, baba. Ningalikupa mwenyewe."

Kijana wake alikuwa amesimama pale na begi lake begani. Hakunisalimu, na sikumlaumu.

Mechi iliyofuata yule mama hakuja. Nikajikaza, nikamuuliza yule kijana. Akasema mama yake hataki tena kuwaletea watu usumbufu. Maneno hayo yalinichoma kuliko kama angenitukana. Nikamwomba anielekeze kwao. Alisita, kisha akanielekeza: Al Baraha, juu ya duka la cherehani.

Nilikwenda Ijumaa, siku yangu ya mapumziko. Hotuba niliyoiandaa njiani yote ilinipotea mlangoni. Bi Zuhura, ndilo jina lake, alinikalisha, akanipa chai na mkate wa kumimina. Nikamwomba arudi uwanjani. Akasema ataona, inshallah. Sijui kama atarudi. Kisha akaniuliza, "Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai."

"Anaitwa nani?"

Nikalitaja jina lako, Mama, huku nikitazama sakafu.

"Mwandikie," akasema. "Mwambie ulifika kwangu ukanywa chai."

"Na lile la uwanjani?"

"Hilo anza nalo."

Nimejaribu kuanza nalo, nikashindwa, nikaanza na goti lako. Nisamehe na hapo pia.

Nisalimie Nekesa na wanafunzi wake, mjomba Barasa fundi wa baiskeli, na shangazi anayeongoza kwaya. Hawa wengine usiwasomee barua hii. Nekesa anaweza kuisoma.

Mungu akutunze, Mama.

Mwanao,
Wekesa