Huyu Mzee Amechoka, Atolewe

Nyumba ya kona, mkabala na ghala la mbao,
Jumamosi, tarehe 17 Mei.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa upendo, na natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na wapwa zangu wote. Goti lako limepona? Katika barua iliyopita uliandika kwamba "linaendelea", lakini hukusema kama linaendelea kupona au linaendelea kuuma. Nijibu kwa sentensi kamili.

Sisi hatujambo, ingawa wiki hii nilikuwa karibu kuja kuishi kwako. Usishtuke. Nilikuwa na hakika kwamba wifi yako amepanga kuniondoa nyumbani. Nitakueleza mambo yalivyokuwa, kwa sababu nakushuku kwamba nawe umo.

Yalianza wiki tatu zilizopita. Kila nilipoingia katika chumba cha kushonea, wifi yako, aliyekuwa kwenye simu, aligeuza mazungumzo na kuanza kuulizia hali ya hewa. Hali ya hewa haiulizwi kwa kunong'ona. Siku moja nilimsikia akisema, "Basi, tusubiri gololi." Mwanamke wa miaka sitini na sita, bibi wa wajukuu saba, anasubiri gololi! Wahenga walisema lisemwalo lipo. Mimi naongeza kwamba linalonong'onwa lipo zaidi.

Kisha akaja fundi. Huyu ni fundi makabati ambaye mtaa mzima unamwita Milimita, kwa kuwa hakazi hata skrubu moja kabla ya kutoa futi yake mfukoni. Niliambiwa amekuja "kuangalia tu". Kuangalia nini, ilhali kabati la kushonea nililiagiza mwenyewe mwaka tuliohamia, na halijawahi kuanguka? Nikaketi ukumbini na gazeti. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishiwa nusu. Niliyoyasikia nayanakili kama yalivyosemwa:

"Mama, huyu mzee amechoka. Ukimvuta hatoki, na akitoka harudi."

"Na kelele zake! Kutwa kulalamika. Mtoe."

"Nitakuletea mpya, mpole. Unamsukuma kidogo tu, anajifunga mwenyewe, kimya kimya."

"Huyo ndiye ninayemtaka. Njoo Alhamisi saa nne, nitakuwa peke yangu."

"Na huyu wa zamani nimpeleke wapi?"

"Mweke nyuma ya nyumba. Akitokea wa kumwokota, amchukue."

Mdogo wangu, ukurasa mmoja wa gazeti niliusoma mara nne. Alhamisi saa nne mimi huwa zahanati, napimwa presha. Utasema walikuwa wakizungumzia droo za kabati. Hata mimi nililifikiria hilo, nikalipima kwa sarufi, nikalitupa. Droo ni nomino ya ngeli ya I-ZI. Droo imechoka, droo haitoki, droo itolewe. Upatanisho huo nimeufundisha kwa miaka thelathini na miwili. Aliyechoka, asiyetoka, anayelalamika kutwa, sharti awe mtu, na katika nyumba hii anayeitwa mzee ni mmoja tu.

Jumatano nilipanga nguo zangu katika sanduku, pamoja na kamusi, nikalificha nyuma ya mlango wa jikoni. Alhamisi nikaaga kwa sauti, nikatembea hadi mwisho wa mtaa, nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa jikoni.

Nilikuta droo zote nne zimetolewa na kupangwa sakafuni, pamoja na nyuzi, vifungo na mikasi yake. Wifi yako alikuwa ameketi. Milimita alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati tupu, bisibisi mdomoni. Nikasimama mlangoni na sanduku langu.

"Nimekuja mwenyewe," nikasema. "Kama ni kutolewa, nitolewe nikiwa naona."

"Nani anakutoa, mwalimu?" aliuliza fundi, na bisibisi ikaanguka.

Nikamsomea maneno yake mwenyewe, neno kwa neno. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwalimu! Sisi mafundi, kitu kikigoma tunakiita mzee, iwe droo au reli zake. Na huyu ni mtoto wa kabati. Wewe umeshasikia mtoto 'imechoka'? Mtoto amechoka!"

Hoja yake ni sahihi. Mtoto wa meza, mtoto wa kabati, ndivyo droo inavyoitwa: nomino "mtoto" huvuta ngeli ya A-WA hata mtoto mwenyewe akiwa wa mbao. Nimesahihishwa sarufi na mtu aliyetoka kutema bisibisi. Usiwasimulie wapwa zangu.

Akanionyesha kasoro. Reli za zamani zilikuwa na magurudumu ya plastiki kila upande, nayo yamelika kama kisigino cha kiatu; ndiyo maana droo zilikwama na kupiga kelele. Reli mpya ni za chuma, zina vipira vidogo ndani ambavyo yeye huviita beringi, na huitoa droo nzima hadi mgongoni, hata kifungo kilichojificha nyuma kikaonekana. Zinahitaji nafasi ya nusu inchi kila upande, isizidi wala isipungue. Bado sikumwamini. Nilikagua skrubu, nikakuta tundu moja tupu. Nikadai pima maji ilazwe juu ya kila jozi ya reli, tuone kama zimelala sawa. Jozi ya tatu ilikuwa imepanda upande mmoja kwa unene wa ukucha, akaifungua na kuifunga upya. Basi haki ya kushuku nilikuwa nayo, ila niliitumia pasipostahili.

Lakini wifi yako hakucheka hata mara moja. Kazi ilipokwisha, Milimita alimwambia, "Jaribu, mama, kwa kidole kimoja." Akajaribu, kwa mkono wa kushoto. Nikautafuta wa kulia, nikaona ameufunika kwa kitambaa alichokuwa akishona. Nikamwomba anionyeshe. Kifundo kimevimba, na vidole viwili havikunjiki.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mwaka jana."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie, cherehani itoke?"

Mwaka jana, alipougua mgongo, ni mimi niliyetamka kwamba nikisikia lalamiko jingine, cherehani itatoka katika nyumba hii. Nilidhani ninamtunza. Kumbe muda wote huo alikuwa akikaza meno na kuzivuta droo zilizokwama kwa mkono unaouma, ili mimi nisisikie. Cherehani ile alikuja nayo akiwa bibi arusi, kabla sijawa na hata rafu ya vitabu.

Jana tulikwenda kwa daktari pamoja. Amempa bendeji ngumu na mazoezi ya vidole. Ameruhusiwa kushona saa mbili kwa siku, lakini asivute kitu kizito.

Sasa nakugeukia wewe. Fundi anasema beringi. Nani alimfundisha wifi yako kusema gololi? Nimepekua barua zako. Ile ya Februari, aya ya tatu, inasifu makabati yako mapya ya jikoni: "yana gololi ndani, hata mkono mgonjwa unayafungua." Mkono mgonjwa wa nani, mdogo wangu? Nilimuuliza wifi yako, akasema hakumbuki, yeye anayekumbuka kipimo cha kiuno cha kila bibi arusi aliyemshonea. Nakushukuru na ninakushuku kwa pamoja. Vitenzi hivyo vinapishana silabi moja tu.

Nimemwambia kwamba cherehani haitoki. Haniamini. Anasema maneno yangu ya mdomo ameyazoea, sasa anataka yaandikwe na kupelekwa kwa mtu atakayeyatunza. Basi nayaandika: cherehani haitatoka kamwe katika nyumba hii ila mwenyewe akitaka, na mkono ukimuuma ataniambia, nami nitasikiliza bila kutoa hukumu. Mwanzoni niliandika "haitatoka" peke yake. Ameketi kando yangu, ananyoosha kidole kwenye kila mstari, naye ndiye aliyedai "kamwe". Nimelazimika kuuandika ukurasa huu upya.

Msalimie shemeji, wapwa zangu kuanzia mkubwa hadi kitinda mimba, na mama mkwe wako, ambaye bado ana kitabu changu. Mungu awape afya ya magoti na ya mikono, na awakinge na siri zisizo na sababu.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye, na ambaye kuanzia leo atazisoma barua zako mara mbili.

Mimi wifi yako nimesoma yote, ni kweli, utunze. Mwandiko ni mbaya kwa sababu ni wa mkono wa kushoto. Asiusahihishe mtu.