Ukurasa wa Tisa

Jumapili, Kinama. Mvua tangu asubuhi, matope mpaka mlangoni. Mi nina kinyaa, na si cha matope. Ni cha kazi ya mikono yangu mwenyewe.

Thierry, yule anayeandika hadithi za kijarida chetu cha manga, zile hadithi za picha, alinitumia sura mpya wiki iliyopita. Mimi ndiye mchoraji. Humo kuna muuguzi anabakwa na jirani yake, halafu kurasa kumi mbele anampenda jirani huyohuyo, wanafunga ndoa, mwisho. Nilimpigia simu: "Thierry, kweli?" Akacheka. "Ma chère, bibie, watu wanapenda drame. Na huyo dada umuchore vizuri, avutie."

Avutie! Anabakwa, na bado avutie!

Na mimi, mwenye mdomo mrefu mbele ya kila mtu, nikakaa nikachora. Ukurasa wa tisa. Mistari safi, wino mzuri, blauzi imechanika palepale ambapo msomaji angetaka ichanike. Nilijisifu hata. Ptuu!

Jana Spès, binti wa mama yangu mkubwa, alikuja kutoka Kanyosha kutuletea mihogo. Nilikwenda jikoni kupasha chai. Kurudi, namkuta amesimama mezani, ukurasa mkononi. Sasa mimi nina kosa langu la siku zote: nikichora mtu naazima watu ninaowajua. Nywele zilikuwa za Spès. Hereni zilikuwa za Spès. Blauzi ilikuwa ya kile kitenge chake chenye ndege.

Na Spès yalimpata hayohayo, miaka mitatu iliyopita. Jirani vilevile.

Hakulia. Aliniuliza tu: "Mbona mi umenichora mpaka vidole, na huyu mwanaume ana mugongo tu? Huyu mutu hana sura?"

Nikasema, "Apana Spès, si wewe, ni..." Aliweka karatasi chini, akachukua mwavuli wake, akaondoka. Chai ilipoa mezani.

Usiku kucha nimemlaani Thierry. Lakini ule mwisho wake wa ndoa aliuokota wapi? Si hapahapa kwetu? Nakumbuka siku jamaa za yule jirani walipokuja kwa mama mkubwa na makreti mawili ya bia, kuyamaliza kifamilia. Jirani mwenyewe katikati yao. Wazee walikunywa, wakapeana mikono, mmoja akasema kama kijana hana mke basi na amwoe, aibu iishe. Wakacheka. Spès alikuwa chumba cha pili, anasikia kila neno. Alikataa, namshukuru Mungu.

Na nani aliwapelekea glasi? Mimi. Nilianza na yule jirani, maana ndiye mgeni. "Karibu, kaka," nikamwambia.

Najichukia kwa hilo "karibu".

Sisemi mambo haya yasichorwe. Tukiyanyamazia, ni ileile bia tunakunywa. Ila kuna kuchora ili watu wauone uovu, na kuna kuchora ili watu walambe midomo. Mi nilichora kwa ajili ya midomo, na nilijua.

Leo nimeuchana ukurasa wa tisa vipande vipande. Nikampigia Spès, mara ya tatu akapokea. Nimemwomba msamaha. Nimemwambia hereni zake hazitakuwepo tena, wala nywele, wala ndege. Kisha nikamwuliza, basi nichore nini?

"Chora ile bia," akasema.

Basi nachora. Kiboksi cha kwanza, mlango wa muuguzi umefungwa, mwili hauonekani. Kisha sebule, makreti mawili, wazee na vicheko vyao, na yule mwanaume ana uso mzima, shati limepigwa pasi, anapokea glasi. Muuguzi haolewi na mtu. Thierry akikataa, atafute mchoraji mwingine, na mi nirudi kuandika mabango ya saluni.

Kimebaki kiboksi kimoja tu, cha msichana anayebeba sinia la glasi. Nimemchora mara nne sasa, na kila mara mkono wangu unampa mgongo, uso hauonekani.

Nafuta tena. Safari hii atatazama huku.